Mashine ndogo ya waya kwa mageti na grili: gesi, waya wa dawa, au vijiti?

kijana_wa_msamvu (Morogoro)

Wakuu, habari za kazi. Nina banda dogo la kuchomelea: mageti, grili za madirisha, vitanda vya chuma, meza za mamalishe. Kazi zangu nyingi ni skwea paipu ya 40 kwa 40, unene wa milimita 1.2 na 1.5. Mara moja moja napata flati baa ya milimita 5, hasa kwenye bawaba.

Miaka yote nimetumia vijiti. Sasa nimenunua mashine ndogo ya waya, inveta ya ampea 140, inatumia umeme wa kawaida wa nyumbani. Inakubali gesi, inakubali waya wa dawa (wenye unga ndani) usiohitaji gesi, na vijiti pia inachoma. Nimeifungia waya wa dawa wa milimita 0.8 uliokuja nayo kwenye boksi. Inawaka, lakini matone yanaruka kila upande, nikipitisha grenda naona vitundu, na kwenye paipu ya 1.2 inatoboa. Wateja wa siku hizi wanapapasa mshono kwa kidole kabla ya kutoa hela.

Nalinganisha njia tatu. Kwanza, nibaki na waya wa dawa na kujifunza kuutumia. Pili, nitafute mtungi na regulata (ya kupunguza presha ya gesi) nihamie kwenye gesi, na kama ni gesi, CO2 tupu au ile iliyochanganywa na argoni? Tatu, mashine ya waya niiweke kwa kazi ndogo ndogo na nirudi kwenye vijiti. Umeme nautoa nyumbani kwa ekstensheni ya mita 30. Picha za mishono nimeziweka. Mwenye uzoefu anisaidie kabla sijatoa hela.

FundiGerezani (Dar)

Kijana, umeuliza habari za gesi, lakini picha zako zinaonyesha jambo la kuangalia kabla ya gesi.

Chomoa mashine kwenye umeme, fungua ubavu pale ulipofunga waya. Utaona vichwa viwili vyenye alama ya chanya na hasi. Waya wa dawa usiohitaji gesi, ule ulioandikwa E71T-GS au E71T-11, unataka tochi (mkono unaotoa waya) ikae kwenye hasi na athi (kebo ya klipu inayobana kazi) kwenye chanya. Waya mtupu wa gesi, ER70S-6, ni kinyume chake: tochi chanya, athi hasi. Mashine nyingi za aina hii zinazoletwa kwangu zimefungwa kwa ajili ya gesi, na ndani ya boksi hilohilo muuzaji kaweka koili ya waya wa dawa. Ukichoma hivyo matone hayaishi na mshono unakaa juu ya chuma bila kuzama. Kugeuza ni kazi ya spana moja.

La pili ni ekstensheni. Mita 30 maana yake umeme unasafiri mita 60, kwenda na kurudi. Kama ni waya wa 1.5 (milimita za mraba za shaba) na mashine inavuta ampea 20, unapoteza karibu volti 14 na nusu njiani. Ukiwa wa 2.5 unapoteza kama 9. Wa 4 unapoteza 5 na nusu. Sasa chukulia ni jioni, mtaa mzima umewasha majiko na pasi, na umeme umeshashuka kabla haujafika kwenye soketi yako. Kwenye vijiti utajua mara moja kwa sababu kijiti kinanata. Mashine nyingi ndogo za waya hazikupi taarifa hiyo: waya unaendelea kusukumwa kwa kasi ileile huku moto umepungua, unagonga chuma na kukurudisha mkono nyuma. Fundi anageuza vitufe kutwa nzima wakati tatizo lipo kwenye waya uliolala chini mchangani. Nunua wa 2.5 mfupi iwezekanavyo, au wa 4 kama lazima ufike mita 30. Na uukunjue wote. Ukibaki umezungushwa unapata joto mpaka plastiki inalainika.

Upande wangu, kwa angle na flati baa za nje bado nachagua kijiti. Aina ya E6013 geji 12 (kama milimita 2.5), ampea 70 hadi 90. Hakidai mtungi, hakiogopi upepo, na kila duka la vifaa vya ujenzi kinapatikana, hata kijijini.

Kamukunji254 (Nairobi)

Mzee amesema kweli kuhusu stima. Lakini kwa skwea paipu ya 1.2, kijiti ni kujitesa, na kijana amesema ndiyo kazi yake ya kila siku. Hapo mimi nasimama na gesi.

Kwa gesi hakuna gamba (dawa iliyoganda juu ya mshono) la kugonga kwa nyundo. Unaona kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka wazi kabisa, kwa hivyo unajua wakati wa kusonga. Ukimaliza unapitisha brashi na kupiga rangi. Waya mtupu pia ni wa bei ya chini kwa kilo kuliko waya wa dawa, na huo wa dawa sehemu ya uzito wake ni unga unaogeuka moshi na gamba.

CO2 tupu au mchanganyiko? CO2 ndiyo rahisi kupata na kujaza. Inazama vizuri lakini inarusha matone zaidi. Mchanganyiko wa argoni asilimia 75 hadi 80 na CO2 asilimia 20 hadi 25 unatulia zaidi na unasamehe kwenye chuma chembamba. Kama kazi yako ni mageti, CO2 inatosha na matone yatafutika kwa patasi. Kama ni fanicha za kupendeza, vitanda na rafu za dukani, mchanganyiko utakurudishia pesa kwa muda wa grenda utakaookoa. Usikubali kuuziwa argoni tupu kwa chuma cha kawaida. Hiyo ni ya alumini na ya mashine za TIG (zinazochoma kwa sindano ya tungsteni). Kwenye chuma moto unatangatanga na mshono unabaki mwembamba, umekaa juu.

Sasa hesabu. Kilo 1 ya CO2 inatoa takriban lita 540 za gesi. Mtungi wa kilo 10 ni kama lita 5,400. Ukiweka regulata kwenye lita 10 kwa dakika, una saa 9 za kubonyeza kitufe cha tochi. Hizo ni saa za moto kuwaka, wala si za kushinda kazini, kwa hivyo ni mageti mengi. Pesa kubwa inaenda kwa mtungi wenyewe na regulata, kujaza hakuumizi.

Usifungulie lita 20 ama 25 ukidhani gesi nyingi ni bora. Ikitoka kwa kasi inajizungusha mdomoni mwa nozeli na kuvuta hewa ndani, halafu unapata vitundu vilevile ulivyokuwa unakimbia. Na CO2 ikitoka kwa wingi regulata inashika barafu. Lita 10 hadi 12 ndani ya banda zinatosha.

Nahodha_Tanga

Ndugu yangu wa Kamukunji, yote umeyasema ila upepo. Sisi huku pwani kazi nyingi zipo nje: stendi za matangi ya maji, trela, viti vya injini za boti. Upepo ukifika mita 2 kwa sekunde gesi haikai tena juu ya mshono. Huo ni upepo mdogo kabisa, ule unaouhisi usoni na majani ya mwembe yanachezacheza. Unaweza kuzungusha turubai, lakini kuna kazi ambazo turubai lenyewe linakuwa tanga.

Waya wa dawa hutengeneza moshi na gamba lake mwenyewe kufunika kidimbwi, ndiyo maana unafaa nje. Kijana, kama mageti unayafunga kwa mteja na unachomea bawaba ukiwa barabarani, usiutupe.

Ila uuelewe. E71T-GS ni wa mshono mmoja tu. Haukutengenezwa kwa kupandisha mshono juu ya mshono. Ukitaka kurudia, tafuta E71T-11. Gamba liondoe lote kabla ya kurudi pale pale. Moshi wake ni mzito kuliko wa gesi, basi usiuchome ndani ya chumba kilichofungwa. Halafu unyevu: waya huu ni bomba jembamba lenye unga ndani, na hewa ya bahari inaingia. Mimi koili haipiti usiku ndani ya mashine. Naitia kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye boksi za viatu. Waya ukishaanza kuona wekundu wa kutu, hata ukiuchoma utakupa vitundu, na kutu inakwenda kukwama kwenye laina ya tochi (mrija ambamo waya unapita ndani ya kebo).

kijana_wa_msamvu

Shikamoo mzee wa Gerezani. Nimefungua ubavu, tochi ilikuwa kwenye chanya kama ulivyosema, ndivyo ilivyotoka dukani. Nimegeuza. Matone yamepungua sana na mshono sasa unazama, picha mpya hizo hapo. Ekstensheni ni ya 1.5, nitaibadilisha.

Bado inatoboa kwenye 1.2, na vitundu vinatokea mwanzo na mwisho wa mshono. Natumia tochi kwa kusukuma mbele, kama nilivyoona wenye gesi wakifanya.

FundiGerezani (Dar)

Marahaba. Hapo kwenye kusukuma nawaachia wenzangu wa waya wakueleze.

mwalimu_wa_karakana (Dodoma)

Waya wa dawa unavutwa, usiusukume. Tochi ilale nyuzi 10 hadi 15 kuelekea unakokwenda, wewe unarudi nyuma nayo, na gamba linabaki nyuma ya moto. Ukisukuma, gamba linatangulia, chuma kinalipanda na linafungiwa ndani. Waya mtupu wa gesi kwenye chuma chembamba ndio unaosukumwa, na hapo mshono unatoka bapa na usiotoboa sana.

Umbali ni jambo ambalo wanafunzi wangu wengi hawalitilii maanani, na ndilo linaloharibu zaidi. Ninazungumzia urefu wa waya uliotokeza kutoka kwenye ncha ya shaba hadi kwenye chuma. Kwa gesi, kama milimita 10. Kwa waya wa dawa, 15 hadi 20, ili dawa ipate joto kabla ya kufika kwenye moto. Ukishika tochi ya waya wa dawa karibu kama ya gesi unapata vitundu. Na umbali huo unaweza kuutumia makusudi: ukisogeza tochi nyuma, ampea zinashuka; ukiikaribisha, zinapanda. Ukiona kidimbwi kinaanza kubonyea, kinataka kutoboa, rudisha mkono milimita chache na uendelee. Hiyo ni kasi kuliko kuinama kutafuta kitufe.

Sasa vitufe. Kasi ya waya ndiyo ampea. Volti ndizo upana wa moto. Watu wanavichezea vyote viwili kwa pamoja na hawajui kipi kimeleta nini. Chukua mabaki ya paipu ileile unayofanyia kazi, ya unene uleule, weka volti mahali pamoja, kisha panda na kushuka na waya peke yake. Waya ukiwa mwingi unasikia vishindo na tochi inakusukuma mkono. Waya ukiwa kidogo, tone kubwa linaning'inia kwenye ncha ya waya, moto unarudi juu na waya unaungana na ncha ya shaba. Katikati ya hapo kuna mahali sauti inatulia na kuwa ya mfululizo, kama sambusa zikiingia kwenye mafuta yaliyoshika moto. Weka alama ya rangi kwenye kitufe, andika unene wa chuma pembeni.

Kama mashine haionyeshi mita za waya, pima. Toa klipu ya athi kwenye chuma, elekeza tochi hewani, bonyeza sekunde 6, kata waya uliotoka uupime, zidisha kwa 10. Sentimita 40 ni mita 4 kwa dakika. Kwa ER70S-6 ya 0.8 na CO2 kwenye chuma cha 1.5 mimi naanzia volti 17 au 18 na mita kama 4, halafu nasikiliza.

Kipimo cha kichwani: ampea 40 kwa kila milimita 1 ya chuma. Paipu yako ya 1.2 inataka chini ya 50. Flati baa ya 5 ingetaka 200, na mashine yako inaishia 140. Hapo ndipo kuna jibu la swali lako la tatu, lakini nawaachia wengine.

Soma pia kibandiko cha nyuma cha mashine. Kikisema asilimia 20 kwa ampea 140, maana yake ni dakika 2 za moto katika kila dakika 10. Kwa ampea 50 utachoma muda mrefu zaidi bila taa ya joto kuwaka.

Mama_Chuma (Mwanza)

Mwalimu amemaliza habari ya mkono, mimi nasema habari ya usafi na habari ya kushika.

Mdogo wangu, ile paipu nyeusi ina ngozi ya kiwandani, mafuta na vumbi. Vitundu vya mwanzo wa mshono mara nyingi vinatoka hapo. Pitisha grenda sentimita mbili kila upande wa kiungo mpaka chuma king'ae. Kijiti kinavumilia uchafu. Waya wa gesi hauvumilii hata kidogo. Kila unapoanza mshono, kata ncha ya waya kwa koleo, kwa sababu ile ncha yenye tone lililoganda haiwashi vizuri. Na ukifika mwisho usinyanyue tochi ghafla. Simama kidogo kishimo kijae, achia kitufe, subiri chuma kipoteze wekundu ndipo uondoe mkono.

Klipu ya athi inayokuja na mashine hizi ni bati jembamba lenye springi dhaifu. Baada ya kuchoma dakika moja, iguse kwa uangalifu. Ikiwa ya moto, umeme unaishia pale badala ya kwenye mshono. Weka klipu nzito, ibane kwenye kazi yenyewe mahali uliposugua, usibane kwenye meza yenye rangi ukitegemea umeme utafika.

Vigurudumu vya kusukumia waya: waya mtupu unataka mfereji wa V, waya wa dawa unataka ule wenye meno madogo. Watu waya ukiteleza wanakaza skrubu mpaka mwisho. Waya wa dawa unabonyea, unga unamwagika, laina inaziba. Kaza hivi: athi ikiwa imetolewa, elekeza waya kwenye kipande cha mbao na ubonyeze. Ukijikunja kwenye mbao na kuendelea kutoka, imekaa sawa. Ukiganda pale huku vigurudumu vinazunguka bure, ongeza robo mzunguko. Kebo ya tochi inyooshe. Ukiipinda mara mbili waya unatoka kwa kushtuka. Ncha ya shaba ibadilishe mapema, ni ya bei ndogo. Tundu lake likishakuwa la yai, moto unayumba na utafikiri mkono wako ndio mbovu.

Sasa la kushika. Mshono wa waya unaweza kupendeza machoni na usiwe umeshika chochote. Kijiti kibaya kinaonekana kibaya, waya unaficha. Chomea vipande viwili umbo la T, upande mmoja tu. Bana kwenye jiliwa, piga kile kilichosimama kwa nyundo kielekee upande wa mshono mpaka kiachie au kilale. Kikiachia, tazama chini ya mshono. Ukiona mistari ya grenda bado ipo pale pale ulipoisugua, chuma hakikuyeyuka, kimelaliwa tu. Ukiona kimechanika na kuacha sehemu yenye chembechembe za chuma, umezama.

Kwa sababu hiyo bawaba za geti langu zinachomwa kwa kijiti, hata kama geti zima limepigwa waya. Geti la milango miwili lina uzito, watoto wanapanda na kubembea. Bawaba ya flati baa 5 kwenye mashine ya 140, nachonga ukingo, napiga kijiti cha geji 12 mshono wa kwanza, nagonga gamba, narudia.

Na kofia. Miwani ya jua haizuii mwanga huu kuchoma macho, na usiku ndipo utahisi mchanga. Mbali na macho, fundi asiyeona kidimbwi anachomea pembeni ya kiungo. Kioo cheusi cha kofia kiwe namba 10 kwa ampea zako.

bodi_na_rangi (Arusha)

Niongeze kwa upande wa bati. Mimi nafanya bodi za magari, bati la 0.7 na 0.8, na huko waya wa dawa siushauri kabisa. Una joto kubwa kwa bati. Ni gesi, mchanganyiko ukiweza kuupata, na waya wa 0.6. Kwa 0.6 mashine ndogo inashuka chini ampea na inabaki imetulia, wakati 0.8 inaanza kukatakata.

Kwa paipu ya 1.2 ukihamia gesi, jaribu 0.6 kabla ya kulaumu mashine. Kumbuka kubadilisha ncha ya shaba na upande wa kigurudumu pia.

Na usichore mshono mrefu. Piga pointi, ruka sentimita kadhaa, piga nyingine, zunguka upande wa pili wa paipu, kisha rudi ujaze. Kiungo chenye mwanya weka kipande cha shaba nyuma. Chuma hakishiki kwenye shaba na joto linanyonywa. Shaba napata kwa kugonga bomba la zamani la friji likawa bapa. Ukichomea chuma chembamba kilichosimama, shuka kutoka juu kwenda chini. Kwa unene huo inakubalika na haitoboi, ila usifanye hivyo kwenye kitu cha kubeba mzigo.

Wenye magari: toa terminali ya hasi ya betri kabla ya athi kugusa bodi, na jua bomba la petroli linapita wapi.

fundi_wa_kahama

Samahani kuingilia. Mimi yangu ni ya zamani, ya transfoma, nzito, haina sehemu ya gesi wala ya kugeuza chanya na hasi. Inachoma waya wa dawa tu na matone ni mengi mno. Nimesikia watu wanaongeza daraja la dayodi na kapasita kubwa ndani ili umeme unaotoka uwe wa mkondo mmoja. Kuna aliyefanya?

mwalimu_wa_karakana (Dodoma)

Kama haina chanya na hasi, inatoa umeme unaogeukageuka, na waya wa dawa umetengenezwa kwa tochi kuwa hasi muda wote. Kuongeza daraja la dayodi, kapasita na koili ya kutuliza kunafanya kazi na mshono unabadilika kweli. Lakini kapasita za ukubwa huo zinabaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi, na dayodi bila bamba la kupoza zinaungua. Lazima kuwe na kinzani cha kumwaga chaji. Mpe fundi wa elektroniki aliyewahi kutengeneza mashine za kuchomelea. Kama huna mtu huyo, hela hiyo iweke kwenye inveta ndogo.

kijana_wa_msamvu

Nimevuta badala ya kusukuma na nimeongeza umbali. Kwa kazi za nje mshono unaridhisha sasa, kuna matone machache yanayotoka kwa patasi. Nimefanya na jaribio la nyundo la Mama Chuma. La kwanza lilibaki na mistari ya grenda upande mmoja, nikapandisha volti na kuelekeza moto zaidi kwenye kile kipande cha chini, la pili likalala bila kuachia.

Swali: nimepata oda ya uzio wa mabomba ya maji, yale yenye zinki. Waya unarukaruka na moshi mweupe unajaa. Jirani ananiambia ninywe maziwa kabla na baada.

Mama_Chuma (Mwanza)

Maziwa kunywa kama unayapenda, lakini hayazuii moshi kuingia kwenye mapafu. Moshi mweupe ule ni zinki. Ukiuvuta kwa wingi, saa chache baadaye unapata homa, baridi, mwili kuuma, na mdomo una ladha ya chuma. Kwa kawaida inapita ndani ya siku moja au mbili, na wengi wanadhani ni malaria. Ukibanwa kifua nenda hospitali na umwambie daktari umechomea nini.

Sugua zinki kwa grenda sentimita mbili au tatu kila upande, huku umeziba pua kwa barakoa ya vumbi ya kazi, siyo ya kitambaa. Chomea nje, kaa upande ambao upepo unatoka, kichwa kisiwe juu ya moshi. Ukishamaliza, piga rangi ya zinki mahali uliposugua, maana hapo ndipo kutu itaanzia. Kwa kazi hii waya wa dawa au kijiti. Gesi itakupa vitundu.

kijana_wa_msamvu

Nashukuru sana wakuu. Nimefikia hivi: ndani ya banda, paipu za 1.2 na vitanda, nahamia CO2 na waya wa 0.6 nione. Nje na kwenye zinki, waya wa dawa. Bawaba na flati baa, kijiti geji 12. Mashine ni moja, nabadilisha koili, kigurudumu, na chanya na hasi. Ekstensheni ya wa 4 nimeshanunua kabla ya vyote.

Mtungi nitauchukua Dar. Naweza kuulaza kwenye bajaji kutoka stendi? Na nitajuaje gesi inakaribia kuisha?

Kamukunji254 (Nairobi)

Kwa safari, funga valvu ya mtungi, ng'oa regulata kabisa, funga kofia ya kichwa cha mtungi, na uusimamishe ukiwa umefungwa kamba. Bajaji ni wazi pembeni, hiyo ni afadhali; ndani ya gari lililofungwa vioo CO2 ikivuja dereva anaishiwa hewa bila kusikia harufu. Ukifika bandani uache umesimama, mnyororo ukutani. Usichomee kamwe mtungi ukiwa umelala, kwa sababu ndani kuna kimiminika na kitaingia kwenye regulata.

Geji ya presha haitakwambia kiasi kilichobaki. Katika joto la nyuzi 20 itasimama karibu baa 57 siku zote hadi kimiminika kiishe, halafu inaporomoka ghafla ukiwa katikati ya kazi. Tumia mizani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa juu karibu na shingo. Pima, toa huo uzito, kinachobaki ni kilo za gesi. Ikifika kilo 1, peleka ujaze.